Meno ya Chiriku Hayakati Uzi

"Funga mdomo!"

Kama kuna mama aliyesema maneno hayo mara nyingi kuliko mimi, aje tushindane. Niliyasema asubuhi nikimvalisha binti yangu sare ya shule. Niliyasema mchana nikipiga pasi. Niliyasema jioni nikiepua sufuria. Mtoto anafunga mdomo, ananitazama kidogo, halafu taya linashuka tena polepole. Mdomo wazi, ulimi nje, mate kwenye kidevu. Mtoto wa darasa la tatu!

"Mama, si nimefunga?" anasema.

"Umefunga nini? Nzi wanaingia na kutoka!"

Nyumbani tunamwita Chiriku. Jina hilo alipewa na bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Mtoto alianza kusema mapema, na tangu hapo hakunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, alisema na kuku wa jirani kupitia dirishani. Nilikuwa nalalamika kila siku kwamba masikio yananiuma.

Mume wangu ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, na kamba ya kutundika nguo zilizokamilika. Mimi napiga pasi na kushona vifungo. Chumba cha nyuma wanalala Bibi na Chiriku, pamoja na magunia ya mabaki ya vitambaa. Mume wangu hatupi kipande, hata kikiwa kidogo kuliko kiganja.

"Ipo siku kitahitajika," anasema.

Siku hiyo sijawahi kuiona.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Nyumba yetu ina mikasi kila mahali, lakini uzi unakatwa kwa meno. Baba mkwe alikata kwa meno. Mume wangu anakata kwa meno, na mkasi umelala pale pale mapajani. Hata mimi niliambukizwa. Na Chiriku alitaka kuwa fundi. Kila jioni alikaa kwenye kigoda karibu na baba yake, akashona kifungo kwenye kipande cha kitambaa. Akafunga fundo. Akapeleka uzi mdomoni, akauma.

Uzi haukatiki. Anauma tena. Uzi unateleza tu, unatoka umelowa.

Haukatiki kwa sababu meno yake ya mbele hayakutani. Akiuma, meno ya nyuma yanagusana vizuri, lakini mbele inabaki nafasi. Penseli ingepita hapo. Na ulimi wake ulikuwa umeizoea nafasi ile. Ulichungulia kila wakati.

"Fundi gani huyu asiyeweza kukata uzi?" baba yake alimtania siku moja.

Ulikuwa utani tu. Chiriku mwenyewe alicheka, na sisi tukacheka.

Kisha siku moja akarudi kutoka shuleni kimya. Hakusema na kuku. Hakusema na mtu. Nilimbembeleza mpaka nikachoka, ndipo akanieleza. Mwalimu alimwambia asome mbele ya darasa. Maneno yalitoka yamelowa mate, kwa sababu ulimi ulikuwa unatoka katikati ya meno. Watoto wakamwigiza. Darasa zima, ndimi nje.

Tangu siku hiyo Chiriku akaanza kuziba mdomo kwa mkono. Akila, mkono juu. Akijibu, mkono juu. Akicheka, mkono juu. Halafu akaacha kucheka kabisa. Mimi ni mtu wa kelele, naweza kuvumilia kelele za kila aina. Kimya kile kiliniumiza roho.

"Hayo ni meno ya utoto," mama mkwe alisema. "Yatajipanga yenyewe. Mimi nilinyonya kidole mpaka nikachumbiwa, na nimekuwa na shida gani?"

Nilitaka kumuuliza meno yake mwenyewe sasa yako wapi. Lakini mkwe ni mkwe. Nikameza maneno yangu.

Siku moja alikuja mteja na koti jeupe mkononi. Alikuwa daktari wa meno ya watoto kutoka kliniki ya mtaa wa pili. Mikono ya koti ilikuwa mirefu, alitaka ipunguzwe. Mume wangu akatoa tepu, akaanza kumpima. Lakini yule daktari hakuitazama mikono ya koti. Alikuwa anamtazama Chiriku kwenye kigoda, anavyouma uzi na uzi unateleza.

"Funga mdomo!" nikafoka, kwa sababu nilimwonea haya mgeni.

"Mama," daktari akasema, "maneno hayo unamwambia mara nyingi?"

"Mara nyingi? Daktari, nimechoka mpaka basi! Mtoto hasikii. Sikio la kufa halisikii dawa."

Daktari akachuchumaa mbele ya Chiriku. "Mwanangu, hebu funga mdomo, pumua kwa pua. Tuone."

Chiriku akafunga. Akavuta pumzi kidogo, pua ikafanya sauti ya kukwaruza. Akavuta tena. Macho yakamtoka, mdomo ukafunguka wenyewe.

Daktari akanigeukia. Hakuwa na uso wa kucheka.

"Unamwambia afunge mlango wa mbele, na mlango wa nyuma umeziba. Hewa ipite wapi?"

Nikaiweka pasi chini.

"Anakoroma akilala?" daktari akauliza.

"Kuliko cherehani," Bibi akadakia kutoka chumba cha nyuma.

"Na asubuhi anaamka amechoka?"

"Namvuta kitandani kama gunia," nikasema. "Lakini Daktari, hayo na meno yanahusiana wapi?"

Daktari akavuta kiti, akakaa. Akatueleza taratibu, maneno ya kawaida, kila mtu akaelewa.

"Ulimi una mahali pake pa kupumzika," alisema. "Ni juu, kwenye kaakaa, ile dari ya kinywa. Mtu akipumua kwa pua, midomo inafunga na ulimi unakaa huko juu. Mtu akipumua kwa mdomo, ulimi unashuka chini na kusogea mbele. Wa huyu mtoto umelala kati ya meno. Kila akimeza mate, unayasukuma meno. Nasi tunameza mate mchana kutwa, hata usingizini."

"Ulimi kitu laini hivyo unaweza kusukuma jino?" mume wangu akauliza.

"Ulimi ni misuli, Fundi. Hausukumi kwa nguvu, ila hauchoki. Meno yamesimama katikati. Kwa ndani kuna ulimi, kwa nje kuna midomo na mashavu. Misuli hiyo ikifanya kazi vibaya kwa muda mrefu, meno na taya vinafuata."

"Basi mfunge zile waya za meno, yaishe," nikasema.

"Waya zinapanga meno, Mama. Haziufundishi ulimi. Ukipanga viti vizuri ukamwacha mtoto mtukutu chumbani, kesho utavikuta wapi?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama tepu yake.

"Huyu bado anakua," daktari akaendelea. "Mifupa ya taya inakua pia. Samaki mkunje angali mbichi. Mkingoja mpaka awe mtu mzima, kazi itakuwa kubwa zaidi na ngumu zaidi. Mleteni kliniki."

"Atakata uzi?" Chiriku akauliza, mkono mdomoni. Alijizungumzia kana kwamba ni mtu mwingine.

"Tutajaribu," daktari akajibu. "Sitakuahidi nisichokijua."

Tukaenda. Nilidhani tutatoka siku hiyo hiyo na dawa. Wapi! Daktari alimkagua kinywa, akapiga picha za meno, akatazama anavyomeza maji. Halafu akasema hataanza kitu chochote kabla ya pua kutazamwa. Akatutuma kwa daktari wa masikio, pua na koo.

"Tumekuja kwa ajili ya meno, tunatumwa puani," nilinung'unika njiani. "Kesho tutatumwa kwenye magoti."

Daktari wa pua alimulika huku na huku. Akasema nyuma ya pua kuna vinyama vilivyovimba, ila si vya kupasua kwa sasa. Akasema mtoto ana mzio, yaani mwili wake unagombana na vumbi.

"Analala wapi?" akauliza.

"Chumba cha nyuma."

"Kuna nini humo?"

Nikamweleza juu ya magunia. Yule daktari akaacha kuandika, akaniangalia.

"Mama, mtoto ana mzio wa vumbi, na analala katikati ya magunia ya vitambaa vya zamani?"

Nilirudi nyumbani nimepandwa na hasira. Nikaingia moja kwa moja chumba cha nyuma, nikaburuta gunia la kwanza mpaka karakana.

"Unafanya nini?" mume wangu akaruka. "Ipo siku vitahitajika!"

"Siku imefika. Ni leo."

Jioni ile magunia yote yalikwenda kwa jirani anayejaza mito na magodoro. Mume wangu alisimama mlangoni kama anayesindikiza ndugu. Tukafuta vumbi, tukafua mashuka na mapazia. Chiriku akaanza dawa ya kupuliza puani, kama alivyoandikiwa. Siku zikapita, pua ikaanza kufunguka.

Ndipo daktari wa meno akatupa kifaa. Kilikuwa cha mpira laini, kimepinda kufuata safu ya meno, nacho kinavaliwa juu na chini kwa pamoja. Ndani kina alama ya kuonyesha ncha ya ulimi ikae wapi. Chiriku akakipa jina. Akakiita kiatu.

"Atakivaa kwa muda wa saa moja mchana, akiwa nyumbani, na usiku wote," daktari akasema. "Akikivaa mchana, midomo ifungwe, asiseme. Kioshwe kwa maji ya baridi na mswaki. Maji ya moto yatakiharibu. Kikae kwenye kikopo chake. Kikimbana au kikimuumiza, msifanye lolote. Mleteni."

Alilisema hilo la mwisho mara mbili. Nalikumbuka vizuri, kwa sababu mume wangu alikuwa amekaa hapo hapo akitikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Na kifaa peke yake hakitoshi," daktari akaongeza. "Kuna mazoezi ya misuli. Hayo ndiyo kazi yenyewe. Yafanyike kila siku, hata siku mnayochoka."

Akatuonyesha. Ncha ya ulimi igusane na kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya juu, bila kuyasukuma meno. Halafu ulimi wote unyonywe juu na kuachiwa ghafla, upige sauti kama kwato za punda. Kisha kumeza mate meno ya nyuma yakiwa yamefungwa, ulimi juu, midomo imetulia. Nilijaribu mimi mwenyewe pale pale. Nikajimwagia mate kifuani.

Basi, hayo ndiyo maelezo. Sasa njoo uone nyumba yangu.

Siku ya kwanza Bibi alikiona kifaa mdomoni mwa mjukuu wake, akapiga kelele. "Mmemtia mtoto lijamu kama punda!" Akakitoa, akakificha kwenye mkebe wa sindano. Nilikitafuta mpaka machozi yakanilenga. Siku ya pili Chiriku alikitema usingizini, asubuhi nikakikuta chini ya kitanda. Siku ya tatu alikivaa mchana akasahau kwamba haruhusiwi kusema, akamsimulia Bibi habari ndefu, mate yakamwagika mpaka kwenye gauni la mteja. Mazoezi nayo tukayafanya leo, tukayaacha kesho. Kila mtu alikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na pasi. Mume wangu alikuwa na mteja wa harusi.

"Kwani huyu mtoto ni wangu peke yangu?" nikawauliza.

Cherehani ndiyo iliyojibu, trrrr.

Halafu Chiriku akalalamika kwa baba yake. "Baba, kiatu kinanibana hapa." Akaonyesha upande wa kushoto, kwenye ufizi.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimepeleka nguo kwa mteja. Na mume wangu, fundi wangu, baba wa mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, alifanya nini? Alichukua mkasi. Akakipunguza.

Sikujua mpaka asubuhi. Nilikwenda kumwamsha Chiriku nikaona damu kwenye mto. Nikamfungua mdomo. Ufizi ulikuwa umechanika upande wa kushoto. Nikakichukua kile kifaa. Ukingo ulikuwa umekatwa vizuri sana, kwa mkono wa fundi hasa, na umebaki na ncha kali.

"Nani kafanya hivi?"

Chiriku akatazama chini. "Baba alinionea huruma."

Nilitoka chumbani kama moto wa mabua. Mume wangu alikuwa anaweka bobini ya uzi kwenye cherehani.

"Wewe! Umekata kifaa cha daktari?"

"Kilikuwa kinambana."

"Kwa hiyo?"

"Kitu kikibana kinapunguzwa," akasema, tena kwa utulivu, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi. "Ndiyo kazi yangu. Nikimpa mteja koti linalombana, atalivaa?"

"Hilo ni koti? Nijibu! Hilo ni koti?"

"Mtoto alikuwa analia, mke wangu."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye! Nenda kauone mto wake!"

Akaenda. Alirudi rangi imemtoka. Akakaa kwenye kigoda cha Chiriku, magoti yakafika kifuani.

Tulikuwa katika hali hiyo daktari alipoingia kuchukua koti lake, lililocheleweshwa na kazi ya harusi. Sikumpa hata nafasi ya kusalimia. Nikampa kikopo. Akafungua, akakitazama kifaa, akanitazama mimi, akamtazama mume wangu kwenye kigoda. Kisha akamwita Chiriku, akaangalia ufizi. Akasema kidonda kitapona, asukutue kwa maji ya chumvi, na asivae kifaa chochote mpaka amwone tena.

Halafu yule daktari akafanya jambo. Alienda kwenye kamba ya nguo. Pale kulikuwa na gauni la harusi, jeupe, lenye mikono ya lesi. Lilikuwa limebakiza pindo tu. Daktari akachukua mkasi mkubwa kutoka mezani.

"Fundi, naona mkono huu umebana," akasema. "Ngoja nikusaidie."

Akafungua mkasi, akausogeza kwenye lesi.

Mume wangu aliruka kutoka kwenye kigoda na yowe ambalo sijawahi kulisikia. "Daktari! Usikate! Ukikata hapo bega lote linavutika! Nimelipima hilo, kila mshono umeshikana na mwenzake! Kama halimkai vizuri, bibi harusi arudi kwangu, nitajua pa kugusa!"

Mdomo wake ulibaki wazi. Nilitaka kumwambia aufunge.

Daktari akaweka mkasi mezani, taratibu. "Umesema mwenyewe," akajibu. "Na mimi nilipima. Kifaa kile kinashikilia ulimi, midomo na meno kwa pamoja. Ukikata upande mmoja, upande mwingine unasukuma vibaya, na ukingo unachana mdomo. Kubana kwake kulikuwa na maana. Pengine jino jipya linatoka hapo. Kulikuwa ni kunipa habari, nikague, nirekebishe mimi. Wewe umeikata habari yenyewe."

"Nilimwonea huruma," mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Huruma ni nzuri. Ila mlete kwangu na huruma yako."

Bibi akakohoa kutoka mlangoni. "Na mimi nilikificha," akasema. "Mara moja tu."

"Mara tatu, Mama," nikasema.

"Haya, tatu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Daktari akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilimwelewa kabisa. Ndivyo mimi ninavyoishi.

Kifaa kipya kilipatikana. Kweli lilikuwa jino jipya lililokuwa linatoka upande ule. Daktari akarekebisha, kikamkaa Chiriku vizuri. Akatuonya pia tusije tukanunua vifaa vya namna hiyo kiholela na kumpa mtoto, wala kumwazima mtoto wa mtu, kwa sababu kila kinywa kina vipimo vyake. Akaongeza kwamba si kila mtoto anafaa kwa matibabu haya. Wengine wanahitaji waya, wengine wanahitaji vyote viwili. Anayeamua ni daktari baada ya kumkagua mtoto.

Kisha akaongeza zoezi moja.

"Hili litawafaa, kwa kuwa nyumba yenu ni ya mafundi," akasema. "Chukueni kifungo kikubwa cha koti. Kifungwe uzi imara. Chiriku aweke kifungo kati ya midomo na meno ya mbele, afunge midomo. Mtu mzima ashike uzi na kuvuta polepole. Midomo ishindane naye. Midomo yake ni mizembe, inahitaji nguvu. Lakini uzi usiachwe mkononi mwa mtoto, wala asiachiwe kifungo peke yake, asije akakimeza."

Lo! Hapo ndipo mume wangu alipopata kazi. Aliyeudhi akitubu ni balaa jingine. Alichagua kifungo kikubwa kuliko vyote, akakiosha kwa sabuni, akakifunga kwa uzi ule wa kushonea mifuko ya jinzi, akaujaribu kwa kuning'iniza pasi. Kila jioni, cherehani ikizimwa, baba na binti walikaa kuvutana. Chiriku akishinda, baba anaanguka kwenye kiti kwa maigizo. Baada ya kifungo ni ulimi juu. Baada ya ulimi ni kwato za punda.

Sauti ile! Chumba cha mbele ni kwato, chumba cha nyuma ni kwato, maana hata Bibi alijifunza. Wateja walikuwa wanatuangalia.

"Fundi, unaumwa?" mmoja akauliza.

"Hapana. Ulimi wako wewe unakaa wapi ukipumzika?" mume wangu akamjibu. "Hebu nionyeshe."

Alimfukuza mteja wa watu kwa maswali ya ulimi! Nikamwambia afadhali arudie magunia yake. Lakini moyoni sikuwa na hasira ileile. Mazoezi yalikuwa yanafanyika kila siku, na si mimi peke yangu niliyekuwa nakumbusha.

Bibi naye akageuka. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa kifaa. Kilioshwa kwa maji ya baridi mbele ya macho yake, kikawekwa kwenye kikopo, na usiku akahakikisha kimevaliwa. Aliyekiita lijamu sasa alikuwa ananifokea mimi kwamba nimekipangusa kwa kitambaa kibaya.

Alfajiri moja niliamka nikahisi kuna kitu hakiko sawa. Nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na mkoromo. Nikaruka kitandani bila kuvaa ndala, nikaenda chumba cha nyuma. Chiriku alikuwa amelala chali. Midomo imefungwa. Nikaweka kidole chini ya pua yake. Hewa ya joto ikanigusa, inaingia, inatoka, taratibu. Nilikaa pale chini nikilia kama mjinga.

"Una nini wewe?" Bibi akauliza, nusu usingizini.

"Amefunga mdomo," nikasema.

"Basi na wewe ufunge, watu wamelala."

Si kwamba mambo yalinyooka siku ile. Ilichukua miezi mingi. Kulikuwa na mafua yaliyoturudisha nyuma. Kulikuwa na wiki Chiriku aligoma. Tulirudi kwa daktari kila alipotuita, naye kila mara alimwambia aume, akatazama, akapima. Nafasi ya mbele ikawa nyembamba. Penseli ikakataa kupita. Chiriku akaanza kusema tena na kuku, kidogo kidogo. Lakini mkono wake bado ulipanda kila alipocheka. Meno yalikuwa yanasogea, mkono haukushuka. Hilo ndilo lililobaki linanikereketa.

Mwaka mpya wa shule ulikuwa umeshaanza daktari alipokuja tena karakana. Kifungo cha koti lake jeupe kilikuwa kimedondoka. Mume wangu alinyoosha mkono kulipokea.

"Naomba nishone mimi," Chiriku akasema.

Daktari akampa. Chiriku akakaa kwenye kigoda chake. Akatunga sindano. Akapitisha uzi tundu kwa tundu, akazungusha chini ya kifungo kama baba yake, akafunga fundo. Alikuwa ametoa ulimi? Hapana. Nilitazama makusudi. Midomo ilikuwa imefungwa, anapumua kwa pua, kazi inaendelea.

Akamaliza. Mkasi ulikuwa karibu na goti lake. Hakuutazama. Akainamisha kichwa, akapeleka uzi mdomoni, akauma.

Tak!

Uzi ukakatika.

"Chiriku!" mimi na daktari tukafoka kwa pamoja. "Nani kakwambia ukate uzi kwa meno?"

"Meno si mkasi!" daktari akasema. "Utayapasua! Nimehangaika nayo mwaka mzima!"

"Umekatika!" mume wangu alikuwa anapiga yowe. "Mama! Njoo uone! Umekatika!"

Bibi akatoka mbio, mtu aliyekuwa analalamika miguu. Daktari anafoka, mume wangu anashangilia, Bibi anauliza nini kimekatika na nani kaumia. Na katikati ya kelele zile Chiriku ameshika kipande cha uzi, kikavu, anakitazama. Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje.

Mkono mmoja ulikuwa umeshika uzi. Mwingine ulikuwa umeshika koti. Haukupanda hata mmoja.

Nilikuwa na maneno mengi bado ya kumfokea juu ya uzi na meno. Yote yaligoma. Daktari naye aliniona, akaacha kufoka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi haijaisha, kwamba atamfuatilia mpaka meno yote ya ukubwani yatoke, na pengine baadaye waya kidogo zitahitajika. Nikaitikia kila neno. Tangu siku ile mikasi inafanya kazi yake katika nyumba yetu, na anayepeleka uzi mdomoni ananitambua mimi ni nani, hasa mume wangu.

Lakini pale pale, kabla ya amri hiyo, nilipiga magoti mbele ya kigoda. Chiriku aliniona nimekunja uso, akadhani nimekasirika. Kwa mazoea ya miaka yote akafunga midomo haraka.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Fungua mdomo. Cheka tena, nione."